Masale ya Mama Spesi

Mmenisumbua tangu siku ile ya keki ya kuniaga kazini. "Mama Aika, tuandikie. Mama Aika, usiondoke na mambo yote kichwani." Haya, nimekaa barazani kwangu, miguu iko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, naandika. Vyeo sitavitaja, maana nilikuwa nacho kimoja tu, cha kutangulia mbele. Mishahara ndiyo kabisa. Nikianza hiyo nitalia, na chumvi ya beseni inatosha.

Kwa yeyote atakayesoma bila kutujua: kazi yetu ilikuwa kuwatembeza watu wa Moshi ndani ya Moshi yao wenyewe. Watalii wana mlima wao, na sisi hatukuwagusa. Tuliwachukua walimu, wenye maduka, vijana wa bodaboda na akina mama wa kwaya, tukawapitisha kwa miguu kwenye nyumba na vibanda vya watu waliohamia hapa kutoka kwingine. Wakae, wale, waulize. Maneno yalikuwa mengi mjini: wageni wanajaza vyumba, wageni wanaharibu biashara, wageni wana hiki na kile. Ukimwuliza msemaji, "Wewe unamjua mgeni gani?" anakushangaa. "Mimi? Nitamjulia wapi?" Basi sisi tulikuwa tunampeleka akamjue.

Siku ya usaili waliniambia wanatafuta mtu aliyehamia. Mkubwa wa chama kilichoendesha matembezi akanitazama, akauliza, "Mama, wewe ni Mchagga. Umehamia hapa ukitokea wapi?"

Nikasema, "Machame."

Wakacheka wote. Nikawaacha wamalize, nikaongeza, "Nimeolewa Rombo." Kicheko kikakatika. Anayezijua sifa tulizopakwa sisi wanawake wa Machame anaelewa. Mwaka mzima wa kwanza, mama mkwe wangu hakuonja mtori wangu kabla hajaonja mtu mwingine. Alikuwa anamwita binamu fulani kutoka bondeni, anampa bakuli, kisha anamkodolea macho aone kama ataanguka. Binamu alinenepa vizuri sana. Mume wangu bado yuko hai, asanteni kwa kuuliza, naye amenenepa. Kwa hiyo ugeni naujua, na kazi nikapewa.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura wa Majengo, na nyie mliokuja baadaye mmekosa uhondo. Babu yake alitoka Manyema, bibi yake alikuwa Mpare, mama yake nusu Mnubi, na marehemu mumewe Mnyamwezi. Ukimwuliza kabila lake, anajibu, "Majengo." Ukiuliza tena, anakuuliza wewe kama masikio yako yana ruhusa ya daktari.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikesha nayo. Nikawasimamisha akina mama wa kwaya pembeni ya barabara, Majengo, nikaanza kuwaeleza uhamaji tangu enzi za misafara. Bi Zuhura alisikiliza kwa adabu, kidole kiko shavuni. Mwisho akaniuliza, "Mwanangu, umemaliza?"

"Bado, Bi Zuhura."

"Basi sisi tunatangulia. Utatukuta."

Akaondoka na kikundi chote! Nilibaki namhutubia mbuzi. Niliwakuta wameshakaa mkekani kwake, viatu vimevuliwa mlangoni, kila mmoja ameshika kikombe, wanapokezana habari za wakwe. Akaniambia nisimame pembeni nitazame. Somo lake la kwanza lilikuwa hilo la viatu. "Mtu aliyevua viatu haondoki kwa hasira," alisema. "Akikasirika lazima kwanza atafute kiatu chake, na akikipata hasira imeshapungua." Nimelijaribu miaka yote na sijaliona likishindwa, ila mara moja, kwa bwana aliyeondoka peku.

Vifaa vyangu vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa filimbi, na sikudumu nayo. Niliipuliza Njoro kuwakusanya watu wangu, kumbe ng'ambo ya pili watoto wako kwenye mechi, na mmoja alikuwa anafunga bao. Wengine wakasimama, yeye akafunga, ugomvi ukazuka kama bao ni halali au si halali. Hadi leo Njoro kuna watu wazima hawanisalimii.

Cha pili kilikuwa mwavuli mwekundu, niliouinua juu ili watu wa nyuma wanione. Huo ulinifaa, ingawa kila siku kuna aliyeniuliza nauza bei gani. Siku ya mvua ulikuwa na tatizo jingine: watu nisiowajua walikuwa wanaingia chini yake. Mara moja baba mmoja wa Kibosho alijikinga nasi sokoni, akatufuata nyumba kwa nyumba, anakula kila tulipokaribishwa. Nilidhani ni wa kwetu. Yeye, alivyotuona tunaingia majumbani na mwanamke mwenye mwavuli mbele, alidhani sisi ni msafara wa posa. Tulipofika kwa Bi Zuhura akaona wenzake wamezubaa, hawasemi neno, akaamua atusaidie. Akasimama, akakohoa. "Wazee wa nyumba hii, tumepita njiani tumeona ua."

Bi Zuhura akatazama huku na huku. Nyumbani alikuwa peke yake. Akajitengeneza mtandio taratibu. "Endelea," akasema.

Ilituchukua muda kumwokoa yule baba, na nafikiri hata sasa Bi Zuhura hajatusamehe kwa kumwokoa.

Niwaachie na neno la kazi: chakula kizito kiwe mwisho. Mwanzoni nilikuwa naanzia kwa familia moja ya Kihindu, ghorofani, juu ya duka lao la vitambaa. Watu wangu walipanda ngazi wakinong'ona kwamba Wahindi hawakaribishi mtu. Tukaingia, hatukuweza kutoka. Mama wa nyumba alijaza sahani, ukimaliza anajaza, ukifunika sahani kwa mkono anamwaga kwenye kiganja. Tuliposhuka, kikundi kilikuwa hakitembeki. Vijana wawili walilala kwenye ngazi ya duka la watu.

Na wale vijana mnaopenda kuteta kwa Kichagga mbele za watu, jihadharini na gereji ya Mzee Balbiri, Singasinga wetu. Nilimpelekea kikundi, vijana wawili wakaanza kumsema kilemba na ndevu kwa Kichagga safi, mbele yake, wakicheka. Mzee Balbiri alikuwa uvunguni mwa gari. Akajitoa taratibu, akajifuta mikono, akawajibu kwa Kichagga cha Old Moshi, kile cha wazee, chenye maneno hata mimi nimeyasahau. Kisha akamgeukia mmoja kwa Kiswahili. "Wewe sura yako naijua. Baba yako aliniachia gari hapa kabla hujazaliwa. Mwambie aje alichukue, kuku wanatagia ndani." Akamwonyesha gari, na kuku. Yule kijana alirudi kwao na trei ya mayai na adabu mpya.

Sasa nifike kwa Mama Spesi, maana najua ndicho mnachokisubiri.

Mama Spesi, jina lake kamili Spesioza, alizaliwa Burundi akakulia Katavi, na uraia wa Tanzania aliupata zamani. Alikuja Moshi na wanawe, akapanga fremu ya biashara Kiboriloni, akawa anapika. Kisamvu chake cha mawese kilikuwa na foleni. Hata wale waliosema muhogo ni chakula cha shida walikuwa wanatuma watoto wawanunulie, wao wamejificha nyuma ya vibanda. Alikuwa kituo chetu cha mwisho cha matembezi, pale pa chakula kizito. Alishahama mara nyingi maishani hata masufuria hakuyatundika ukutani. Kila jioni aliyaosha akayapanga ndani ya beseni moja, tayari kubebwa.

Mwenye fremu alikuwa Mzee Ndekirwa, mtu wa Kiboriloni wa asili, na nyuma ya fremu zake bado kulikuwa na shamba lake la migomba. Huyu mzee maneno ya mtaani yalimwingia. Walimwambia fremu nzuri kama ile anawezaje kumpa mtu wa kuja, wakati wapo watoto wa nyumbani. Basi akamwambia Mama Spesi ahame mwezi ukiisha. Hakumtukana. Alisema tu, "Si wewe, mama. Ni vile wewe si wa hapa."

Mama Spesi alinieleza huku anachambua kisamvu, hakuinua macho. "Mama Aika, kuhama nakujua. Mzigo nitabeba. Lakini sina tena nguvu ya kuanza kusalimia watu upya." Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nilikuwa na hasira na yule mzee, nilikuwa na hasira na Kiboriloni nzima, na mume wangu alipouliza mtori uko wapi nilimjibu vibaya. Akapika mwenyewe, akala haraka haraka kwa furaha ya mtu aliye salama.

Nikamwendea Bi Zuhura. Akasema, "Mlete matembezini."

"Hawezi kuja. Anatuita wazururaji."

"Mzee huyo anapenda nini?"

"Mbege."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikapita kwa Mzee Ndekirwa na salamu. "Shikamoo, Mzee." Akaitikia bila kunitazama. Nikasema Jumamosi kuna matembezi, na mwishoni kutakuwa na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Akasema yeye hana muda wa kuzurura. Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika, koti limepigwa pasi, amekuja na kata yake mwenyewe ya kunywea.

Nikiri kwamba alitembea vizuri. Kwa Bi Zuhura alivua viatu, akakaa, na baada ya kikombe cha pili akaanza kutusimulia ukoo wake. Ati mwanzilishi wa ukoo alitoka Ukambani, akimfuatia tembo aliyemjeruhi, akapanda naye mguu kwa mguu hadi kwenye miteremko yetu. Tembo akafa, yeye akaona maji na udongo mzuri, akaomba pa kujishikiza, hakuondoka tena.

"Kwa hiyo alikuja," akasema Bi Zuhura.

"Alifika," akasema Mzee Ndekirwa.

"Ehee. Alifika."

"Kuja ni kitu kingine."

"Ongeza chai, Mzee," akasema Bi Zuhura, akajitanda mtandio akaungana nasi. Alisema anataka kunyoosha miguu. Mama huyu akinyoosha miguu ujue kuna jambo.

Tulimpitia na Mzee Balbiri gerejini, naye akafunga kazi akatufuata, maana kisamvu kilikuwa kinamwita. Mpaka tunafika Kiboriloni tulikuwa kundi kubwa: akina mama wa kwaya, vijana wa bodaboda, Singasinga, Bi Zuhura, na Mzee Ndekirwa na kata yake.

Mama Spesi alikuwa amejiandaa. Alitaka siku hiyo, labda ya mwisho, atupokee kwa heshima zote. Na alikuwa amefikiria sana jambo moja. Kila mji wa Mchagga aliopita ameuona una mmea fulani pembeni, wa majani marefu ya kijani yanayong'aa, umepandwa kwa mstari, hakuna anayeukanyaga wala kuuchezea. Akajiambia, hili bila shaka ndilo ua lao, ndilo wanalolipenda. Akakata mafungu, akayafunga utepe. Tulipoingia tu, akapiga magoti, na mkono wa kushoto ukishika wa kulia kama kwao wanavyompa mtu kitu kwa heshima, akaanza kutugawia mmoja mmoja.

Masale. Mae!

Kwa wale wa kutoka mbali niwaeleze. Sale kwetu si ua. Ni mmea wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ni jani la kuomba msamaha. Mtu akikukosea, hata akichoma ghala lako, akija na sale mkononi akakupa, huwezi kumkataa. Lazima umsamehe. Ukikataa, mkosaji unageuka wewe, na wazee watakushangaa mpaka kaburini. Sasa hapa mwanamke amepiga magoti, anamkabidhi kila mtu sale, tena kwa mikono miwili, tena na utepe!

Nani amekosewa nini? Msoprano mmoja wa kwaya akalipokea jani. "Kumbe ni wewe uliyechukua jogoo wangu?" Wa pembeni yake akaanza kulia. "Nilijua. Nilijua kuna mtu ananisema kanisani. Nimekusamehe, mwenzangu, nimekusamehe." Kijana wa bodaboda akasema, "Mama, mimi sijui ulifanya nini, ila yameisha." Mzee Balbiri akalipokea lake, akamsamehe kwa Kichagga, akauliza kisamvu kiko wapi.

Mama Spesi alikuwa anang'aa kwa furaha. Aliona watu wanalia, akadhani maua yamewagusa.

Fungu kubwa kuliko yote alikuwa amemwekea Mzee Ndekirwa. Akamkabidhi. Mzee akalipokea, maana mkono wa Mchagga ukiona sale unapokea wenyewe, kisha akasimama nalo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Mama Aika," akasema, "huyu amenikosea nini?"

"Hajakukosea, Mzee."

"Sasa anaomba msamaha wa nini?"

"Hajui, Mzee. Anadhani ni ua."

"Sale si ua!"

"Najua, Mzee."

"Nimeshalipokea!"

"Nimeona, Mzee. Wote tumeona."

Nikamvuta Mama Spesi pembeni nikamweleza. Kwanza alicheka, akaziba mdomo kwa khanga, akacheka mpaka machozi. Kisha nikaona anaacha. Akarudi mbele ya Mzee, akapiga magoti tena, safari hii akijua anachofanya.

"Mzee wangu," akasema, "kosa langu kwako nimelitafuta sijaliona. Hatujagombana. Moshi wa jiko nimeuelekeza upande ule usikusumbue. Ukiumwa nakuletea uji. Labda kosa langu ni kule kuja. Kama ni hilo, basi jani liko mkononi mwako. Nisamehe kwa kuja."

Jamani. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Niliona aibu kwa ajili yetu sote. Yule msoprano wa jogoo alijificha nyuma ya mwavuli wangu.

Bi Zuhura ndiye aliyeingilia. "Haya, Mzee, msamehe kwa kuja. Ukimaliza umsamehe na babu yako."

"Babu yangu alifika!"

"Kwa miguu ipi? Si hii hii?"

Nilimwona Mzee Ndekirwa anapiga hesabu kichwani na hesabu inakataa. Akisamehe, amekubali kwamba kuja ni kosa, na ukoo wake mzima, tangu yule wa tembo, uko matatani. Asiposamehe, amekataa sale mbele ya kwaya. Akajaribu njia ya tatu, akamnyooshea Mama Spesi lile fungu amrudishie.

"Sale halirudishwi!" Akina mama walipiga kelele kwa sauti nne, kama walivyozoea.

"Basi hilo siwezi kulisamehe!" Mzee alikuwa anatoka jasho. "Kuja si kosa! Nani alisema ni kosa? Mtu hasamehewi kitu ambacho si kosa. Mama, nakuomba, tafuta kosa jingine!"

"Sina, Mzee."

"Kila mtu analo! Tafuta!"

Tukaanza kumsaidia. Sijawahi kuona watu wakimtafutia mtu makosa kwa upendo namna ile. Mmoja akauliza kama hajawahi kuzidisha chumvi. Mwingine akauliza kama hakoromi usiku, labda Mzee anasikia. Kijana wa bodaboda akakumbuka siku aliyopimiwa mchuzi kidogo.

"Hapo umekosewa wewe," Mzee akafoka. "Mimi nataka langu!"

Mzee Balbiri, ambaye wakati wote huo alikuwa amesimama karibu na sufuria, akatazama jani lake. "Haya masale," akasema, "yamekatwa wapi?"

Mama Spesi akaonyesha nyuma ya fremu. "Pale. Kwenye ule mstari mzuri."

Mzee Ndekirwa akatoka mbio. Kwa umri ule, mbio! Tukamfuata wote hadi migombani. Ule mstari mzuri ulikuwa mpaka kati ya shamba lake na la mdogo wake anayeishi Arusha, mpaka waliopandiwa na baba yao, na katikati yake sasa kulikuwa na pengo la kupita ng'ombe na ndama wake. Mzee alishika kichwa. Akalia, "Mpaka wangu! Mpaka wa baba!" Kisha nikaona sura yake inabadilika. Mashavu yakapanda, meno yakatoka, mawili yaliyobaki.

"Kosa!" akasema. "Hili ni kosa! Kosa kubwa!" Alimgeukia Mama Spesi kwa furaha kana kwamba amempa ng'ombe. "Mama, umenikosea vibaya sana! Nimekusamehe! Mmesikia wote? Nimemsamehe!"

Vigelegele vilifika sokoni. Mama Spesi alikaa chini pale pale kwenye majani ya migomba, akalia, na mimi nikakaa karibu naye nikalia, na mwavuli wangu ukakaliwa na mtu.

Msoprano alikuwa wa kwanza kukumbuka la muhimu. "Mzee, aliyesamehewa kwa sale hafukuzwi."

"Nani anafukuza?" Mzee akawa mkali. "Nani aliyesema kufukuza? Ahame aende wapi, na huu mpaka ataupanda nani?"

Sale ni mmea mwema, ukichomeka shina lake kwenye udongo wenye maji linashika. Kila mtu akatoa sale lake lipandwe, wengine wakiwa hawataki kuachia utepe, na Mama Spesi akayapanda moja moja kufuata visiki vilivyobaki. Mzee alimsimamia huku ndoo ya mbege iko karibu. Kata zilipokuwa zimeshazunguka, akainama akamnong'oneza, "Mama, hapo sogeza kidogo kule kwa mdogo wangu. Kidogo tu."

"Kisiki kiko hapa, Mzee," akasema Mama Spesi, na akapanda pale pale kwenye kisiki. Mzee akaguna, akarudi kwenye mbege yake.

Nisiwadanganye kwamba Kiboriloni yote iligeuka siku ile. Waliosema waliendelea kusema, ila sasa walisemea kwenye foleni ya kisamvu, sahani mkononi. Mimi nilihesabu hilo kuwa maendeleo.

Desemba ikafika, ambayo ilikuwa ya mwisho kwangu kazini, na kama kawaida Wachagga wote wa duniani wakarudi nyumbani. Mdogo wake Mzee akaja kutoka Arusha na gari lake, akaingia shambani, akaona masale mapya. Akapandisha mori. Ati kaka yake amesogeza mpaka. Wazee wa ukoo wakaitwa wakae, na Mama Spesi akaniomba mimi nimsindikize, kwa sababu kwetu mpaka ukibishaniwa anaulizwa aliyeupanda.

Mzee Ndekirwa akasimama, akasema shahidi wake yupo, akamwita Mama Spesi apite mbele. Yule mdogo mtu akaruka kitini. "Kaka, umechanganyikiwa? Mpaka wa ukoo wetu, aliotuachia baba, aje kuusemea mgeni?"

Mzee Ndekirwa akamtazama ndugu yake. Akageuka nyuma, akatutazama mmoja mmoja tuliokaa, akapita kwa Mama Spesi kama alivyopita kwa wengine, akachungulia hadi mlangoni. Alikuwa anatafuta kweli.

"Mgeni yupi?" akauliza. "Mwiteni basi aingie, asikae nje."